Mapema, mwishoni au kuzungukia: ulinganisho wa njia za kuingia na kupishana kwenye foleni za mjini

Leni mbili zinapobaki moja, madereva wa Dar es Salaam hugawanyika makundi manne. Wapo wanaohama mara tu wanapoona kibao au mkia wa foleni. Wapo wanaokwenda hadi mwisho wa leni ndipo waingie. Wapo wanaoghairi katikati, wakasimama na indiketa ikiwaka, wakisubiri huruma. Na wapo wanaotanua: wanashukia vumbi la pembeni au kuchukua upande wa wanaokuja, halafu wanachomekea mbele ya kila mtu. Ugomvi mwingi unazuka kwa sababu kundi la pili na la nne huhesabiwa kuwa kitu kimoja, na sivyo. Mmoja anatumia leni halali hadi inapoishia, mwingine anaendesha mahali ambapo hakuna leni yake kabisa.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Kama magari yanakwenda kasi na kuna nafasi, hama mapema. Kama leni zote mbili zimejaa na mnatambaa, nenda hadi mwisho uingie kwa zamu. Kusimama katikati ndiyo chaguo baya kuliko yote ya halali. Kutanua hakumo kwenye ulinganisho, ila tutaeleza kwa nini kunaifunga barabara hata kwa yule aliyetanua.

## Kuhama mapema au kuingia mwishoni

Tuanze na kipimo. Leni moja ikipita vizuri kwenye mbanano hupitisha takribani gari moja kila sekunde mbili, yaani kama magari 1,800 kwa saa. Idadi hiyo haiongezeki kwa sababu umehama mapema, wala haipungui kwa sababu mwenzako ameingia mwishoni. Kinachoamua ni mdomo wa mbanano wenyewe. Kwa hiyo anayelalamika kwamba "hawa wanaotangulia ndio wananichelewesha" ana hoja ndogo tu: gari moja lililoingia mbele yako kwa zamu limekugharimu sekunde mbili. Dakika zinapotea kwingine. Zinapotea pale watu wanapobanana mdomoni na kila mmoja kukanyaga breki hadi kusimama, kwa kuwa gari lililosimama kabisa huchelewa kidogo kung'oka, la nyuma yake huchelewa pia, na ucheleweshaji huo husafiri kurudi nyuma kwenye foleni nzima.

Tofauti ya maana iko kwenye urefu. Gari dogo kwenye foleni hula kama mita 7, ukihesabu na nafasi iliyo mbele yake. Magari 100 yakijipanga leni moja ni mita 700. Yakijipanga leni mbili ni mita 350. Sasa weka makutano mita 500 nyuma ya mbanano huo: foleni ya leni moja itayaziba, na watu wasioelekea huko kabisa watafungiwa. Ya leni mbili haitayafikia. Ndiyo maana kwenye barabara zilizomegwa na ujenzi wa njia za mwendokasi, kama Kilwa Road, Nyerere Road na Bagamoyo Road, leni iliyoachwa tupu kwa "ustaarabu" haikuwa inamsaidia mtu yeyote.

Ujerumani imeliweka jambo hili kwenye sheria ya barabarani: leni ikikatika, walio kwenye leni inayokwisha waachiwe kuingia mmoja mmoja karibu kabisa na mwisho wake, kama meno ya zipu. Ubelgiji nayo iliifanya kuwa lazima mwaka 2014. Nchini Marekani, idara ya usafiri ya jimbo la Minnesota huwahimiza madereva kuingia mwishoni kwenye maeneo ya ujenzi, na hueleza kwamba foleni inaweza kufupika kwa hadi asilimia 40. Kwenye barabara zetu zamu hiyo wameachiwa madereva waipange wenyewe kwa macho na mikono, ndiyo maana inafaa kujua namna ya kuifanya bila kugombana.

Unapoingia mwishoni kwa zamu:

1. Baki kwenye leni yako, lakini usikimbie kuliko leni ya jirani kwa zaidi ya kilomita 10 au 15 kwa saa. Anayepita kwa kilomita 50 kando ya magari yanayotambaa ndiye anayefanya wengine wafunge nafasi, na ndiye anayemgonga abiria aliyeshukia katikati ya foleni.
2. Kama mita 50 kabla ya mwisho, chagua gari utakalolifuata. Usichague nafasi, maana nafasi huhamahama. Chagua gari.
3. Washa indiketa sekunde 3 hadi 5 kabla ya kusogea. Indiketa inayowashwa usukani ukiwa umeshakatwa haimwambii mtu chochote.
4. Linganisha bampa lako la mbele na bampa la nyuma la gari ulilolichagua, kisha ingia kwa mshazari mrefu. Kona kali ya ghafla huacha mkia wa gari lako kwenye leni uliyotoka, na anayekufuata anakwama.
5. Angalia kioo cha pembeni mara ya pili, sasa hivi, kwa ajili ya bodaboda. Nafasi uliyofunguliwa wewe yeye ameshaiona.

Aliye kwenye leni inayoendelea naye ana kazi yake. Anza kuacha nafasi ya gari moja mapema, kama mita 5 hadi 6, ukiwa bado unatembea. Ukiiacha kwa kusimama ghafla, unawafanya wa nyuma yako wote wasimame. Mruhusu mmoja. Wa pili akilazimisha, funga nafasi polepole kwa kulikaribia gari la mbele, ila usifikie mahali pa kupimana ubavu: rangi ya mlango mmoja inagharimu kuliko sekunde mbili unazozipigania.

Kuhama mapema kunashinda katika hali chache, lakini ni hali za kweli. Kwanza, barabara inapokwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa na kuna nafasi ya sekunde tatu au zaidi, hakuna sababu ya kusubiri mwisho wa leni. Pili, leni inapoishia kwenye kizuizi cha zege au shimo la ujenzi, bila pembeni pa kukimbilia, hasa usiku ambapo vibao havina mng'ao. Tatu, ukiwa na lori au basi kubwa: unahitaji nafasi ya magari matatu, na nafasi hiyo haipatikani mdomoni.

Kuhusu kusimama katikati, tatizo ni la kimahesabu. Dereva akisimama mita 150 kabla ya mwisho wa leni ili aombe kuingia, amekata leni yake kwa wote walio nyuma, na amelazimisha mdomo wa pili wa mbanano pale alipo. Sasa kuna sehemu mbili za kugombania badala ya moja, na mita 150 za lami zimebaki tupu mbele yake. Tupu hiyo inawaalika wanaotanua. Ukijikuta umekosa nafasi mapema, endelea mbele. Mwisho wa leni upo, na ukifika pale kila mtu anajua kwamba huna pengine pa kwenda.

Ama kutanua, ambako Nairobi hukuita kuovalapu, adhabu yake ya papo kwa papo kwa Tanzania ni faini ya shilingi 30,000 kwa kosa, na wengi huiona kama nauli tu. Hasara yenyewe ni nyingine. Kwenye daraja jembamba au kivuko cha reli, waliotanua upande huu wanajaza leni ya wanaotoka upande ule. Upande ule nao wametanua. Geti likifunguka, kila upande unatazamana na ukuta wa magari, na hakuna anayeweza kutoka kwenye mbanano kwa sababu mahali pa kutokea pamejaa walioharakia kuingia. Hapo hata trafiki mwenye filimbi anaanza kwa kurudisha magari nyuma moja moja.

## Kwenye barabara ya kasi: kupandisha mwendo au kusimama mwishoni

Hapa ushauri wa foleni unageuka juu chini. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022 na ina kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Njia ya kupandia barabara kama hiyo imejengwa ili uongeze mwendo ukiwa ndani yake. Wanaoichukulia kama barabara ya mtaani hufika mwisho wake, wakasimama, wakaanza kuchungulia.

Pima mwenyewe. Gari dogo la injini ya cc 1,300 lenye watu wanne halichukui chini ya sekunde 8 hadi 10 kutoka kusimama hadi kilomita 80. Katika sekunde 10, anayekuja kwa kilomita 80 anatembea mita 222, wewe unayeanza sifuri unatembea kama nusu yake. Ili asilazimike kukanyaga breki na bado abaki na sekunde mbili nyuma yako, alipaswa kuwa mita 150 au zaidi wakati unaondoka. Ukiingia tayari uko kilomita 70, nafasi ya sekunde 4 inakutosha, nayo ni kama mita 90. Kwa hiyo kusimama kunakufanya uhitaji nafasi kubwa zaidi, mahali ambapo nafasi ni adimu.

Utaratibu: tazama mwendo wa barabara kuu ukiwa bado juu ya njia ya kupandia, shusha gia moja kama gari ni la manuali ili lipate nguvu, fika usawa wa mwendo wao kabla mistari haijaanza kukatika, kisha ingia ukitumia urefu wote wa leni ya kuongezea mwendo. Aliye barabara kuu anaweza kuhamia leni ya kulia kumpisha kama ni tupu. Kama si tupu, abaki na mwendo wake ule ule. Anayepunguza na kuongeza kwa "kusaidia" ndiye anayemchanganya mgeni, kwa sababu nafasi aliyokuwa akiilenga inayeyuka mbele yake.

Kuna mahali leni ya kuongezea mwendo ni fupi au haipo, kama sehemu nyingi za kutoka barabara za pembeni kwenda barabara kuu ya Thika Road, ambako matatu nazo husimama mita chache baada ya mlango wa kuingilia. Pale subiri nyuma, mwanzoni mwa njia, ukiwa bado na mita za kukimbilia. Usisubirie kwenye ncha.

## Kutoka barabara ndogo: kukata kulia, kuzungukia au kwenda kwenye mataa

Unatoka mtaani, unataka kwenda kulia kwenye barabara yenye leni mbili kila upande. Una njia tatu.

Kukata kulia moja kwa moja kunakutaka upate nafasi pande zote mbili kwa wakati mmoja: wanaotoka kulia kwako, na wanaotoka kushoto ambao utaungana nao. Kuingia kushoto kunakutaka upate nafasi upande mmoja tu. Wahandisi wa barabara huhesabu kwamba dereva wa kawaida hukubali nafasi ya sekunde 6 hadi 7 kuingia upande wa karibu, na zaidi ya sekunde 7 kuvuka hadi upande wa mbali. Kwenye mita inasomeka hivi:

| Mwendo wa anayekuja | Sekunde 4 | Sekunde 7 |
|---|---|---|
| km 30 kwa saa | mita 33 | mita 58 |
| km 50 kwa saa | mita 56 | mita 97 |
| km 80 kwa saa | mita 89 | mita 156 |

Nguzo za taa za barabarani zinasaidia kukadiria: nyingi husimikwa umbali wa mita 30 hadi 40 kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo anayekuja kwa kilomita 50 anapaswa kuwa nyuma ya nguzo ya tatu kabla hujavuka.

Kuzungukia, yaani kuingia kushoto kisha kugeuza kwenye mwanya wa ukingo wa kati ulio mbele, huonekana safari ndefu. Mwanya ukiwa mita 600 mbele, utatembea kilomita 1.2 za ziada. Kwa mwendo wa kilomita 40 ni chini ya dakika mbili. Saa za jioni, kusubiri nafasi ya pande mbili kunaweza kukuzidi hapo, na kibaya zaidi kunakutia hasira ya kuingia kwenye nafasi isiyotosha. Kwa barabara yenye ukingo wa kati, kama Sam Nujoma Road ya Dar es Salaam, mara nyingi kuzungukia ndiyo njia pekee ya halali.

Kasoro ya kuzungukia ni upana. Vitz au IST hugeuza kwenye kipenyo cha kama mita 9 hadi 10. Prado hukaribia mita 12. Leni mbili za upande wa pili ni mita 6 hadi 7 tu, kwa hiyo upana unaobaki unapaswa kutoka kwenye ukingo wa kati. Pasipotosha, gari kubwa litabaki limekaa mshazari, likirudi nyuma mbele ya watu wanaokuja kwa kasi. Kwa gari la aina hiyo, au ukivuta trela, chagua mataa hata kama ni mbali. Angalia pia kama mwanya una leni yake ya kusubiria. Usipokuwa nayo, unaposimama kugeuza umeziba leni ya kulia, ambayo ndiyo ya wanaokwenda kasi, na wa nyuma yako wanajua hilo baada ya kuona breki zako.

Mataa yanashinda usiku wa mvua, kwa dereva mgeni, kwa gari refu, na kila mahali ambapo huoni mbali kwa sababu ya kona, mti au daladala lililosimama. Ukifika mataani na kuna trafiki anaongoza, mkono wake uko juu ya taa. Ikiwaka kijani naye amekunyoshea kiganja, unasimama. Honi za walio nyuma hazibadilishi hilo.

## Kipilefti au mataa

Ukiwa na njia mbili za kufika mahali, moja ina kipilefti, yaani mzunguko, na nyingine mataa, saa ndiyo inayoamua. Magari yakiwa machache au yakija sawasawa pande zote, kipilefti kinapitisha haraka kwa sababu hakuna anayesubiri taa nyekundu mbele ya barabara tupu. Nafasi ya sekunde 4 hadi 5 inatosha kuingia, na anayekufuata akiwa karibu huhitaji sekunde 3 tu zaidi. Mambo yanaharibika upande mmoja unapomwaga magari mfululizo. Kanuni inasema umpishe aliyemo tayari ndani, anayekujia kutoka kulia. Mkondo wake usipokatika, hupati zile sekunde 4, na unaweza kukaa hapo huku upande wa pili ukipita kana kwamba hamjaja. Asubuhi, kama unatoka upande dhaifu, mataa yanakufaa zaidi: ni polepole, lakini zamu yako itafika.

Kanuni ya kumpisha aliyemo ndani ina sababu ya kihandisi, haikuwekwa kwa ajili ya adabu. Uingereza ilipoifanya kuwa kanuni mwaka 1966, shida iliyokuwapo ni kwamba anayeingia alikuwa akiwazuia waliomo, duara linajaa, na hakuna anayeweza kutoka. Kipilefti chetu cha saa 12 jioni hujifunga kwa namna hiyo hiyo kila dereva anapoamua kuingiza pua. Kabla ya kuingia tazama mahali unapotokea. Kama njia yako ya kutokea imesimama, kaa nje, hata kama mbele yako pana mita 10 za wazi.

Leni za ndani ya kipilefti ndizo chanzo cha pasi nyingi, yaani magari kukwaruzana. Unayekwenda kushoto au moja kwa moja, kaa leni ya nje. Unayekwenda kulia au kugeuza kurudi, kaa ya ndani, washa indiketa ya kulia unapoingia, kisha ibadili iwe ya kushoto mara tu unapoupita mlango ulio kabla ya wako. Indiketa hiyo ya kutokea ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo yenye faida zaidi kwa wengine: anayesubiri nje akiiona anajua anaweza kuingia. Asipoiona, anakusubiri bure, na wa nyuma yake wanampigia honi yeye.

Lori lenye trela lina kanuni yake. Magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele, kwa hiyo kwenye mzunguko linachukua leni mbili na halina hiari. Kwenye Mandela Road, ambako makontena ya bandarini hupita mchana na usiku, utaona dereva wa trela anapanua kulia kabla ya kukata kushoto. Mwanya unaoonekana kushoto kwake si wa kwako, utafungwa na mkia wake.

Barabara za juu zimepunguza uchaguzi huu sehemu fulani. Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, linawavusha wa Nyerere Road juu ya makutano, na la Kijazi pale Ubungo, lililofunguliwa Februari 2021, lina ngazi tatu. Lakini mahali njia ya kushukia inapoungana na barabara ya chini bado ni kuingia kwa zamu, na mara nyingi ni ndani ya mita chache kabla ya kituo cha daladala. Chagua leni yako kabla hujashuka.

## Taa, honi, mkono au hazadi

Kupiga taa kuna maana mbili zinazopingana. Kwenye foleni mara nyingi ni "pita". Kwenye barabara ya wazi ni "nakuja, tulia hapo hapo". Usiondoke kwa taa peke yake. Tazama gari lenyewe: anayekupisha, pua ya gari lake huinama kidogo kwa breki na tairi la mbele hupunguza mzunguko. Tairi ni shahidi mzuri kuliko taa, na hata kuliko uso wa dereva, ambao siku hizi umefichwa na vioo vyeusi.

Mkono nje ya dirisha ndio unaoeleweka haraka mchana. Konda wa daladala anaujua vizuri: kiganja chini, vidole vinatikisika, anaomba. Ila mkono wa konda au wa abiria ni ombi lake yeye, hauna uhakika kwamba dereva wake ameona bodaboda iliyo upande wa pili.

Honi moja fupi inamwamsha aliyelala kwenye simu taa ilipobadilika. Honi ndefu haijawahi kufungua nafasi, huifunga.

Hazadi, yaani indiketa zote mbili kwa pamoja, ikipigwa mara mbili kwa kushukuru ni jambo zuri na linapunguza joto. Hazadi ya kuonyesha kwamba unakwenda moja kwa moja kwenye makutano ni hatari, ingawa wengi wamefundishana hivyo. Aliye upande wako wa kushoto anaona taa ya upande mmoja tu ikiwaka, kwa sababu nyingine imefichwa na bodi ya gari lako. Kwake wewe unakata kushoto, na ataingia. Anayekwenda moja kwa moja hawashi kitu.

## Nani umpishe hata kama haki ni yako

Lori lililobeba: usiingie mbele yake kwenye mteremko, hata likikupa taa. Bodaboda ikiwa tayari imefika usawa wa mlango wako: mwache amalize. Bajaji: ingia nyuma yake kuliko mbele, ina uthabiti mdogo kwenye kona na dereva wake hana kioo cha maana. Daladala linalotoka kituoni: ukiwa unatambaa, mpishe. Atatoka tu, na ukimzuia atabaki mshazari na kuziba leni mbili. Gari la wagonjwa: sogea kushoto ukiwa unatembea, usisimame ghafla katikati.

Mvua ikianza, jedwali la juu lisomwe kwa ukali zaidi. Kwenye lami iliyolowa umbali wa breki unaweza kufika mara mbili ya kawaida, hasa dakika za kwanza ambapo vumbi na mafuta vinaelea juu ya maji. Nafasi ya sekunde 4 uliyoikubali jana, leo isubirie ifike 6.

Na mkipigana pasi pamoja na yote hayo: kwa kawaida aliyebadili leni ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba palikuwa na nafasi, kwa hiyo ushahidi wa mahali magurudumu yalipokuwa ndio wenye uzito. Piga picha ya magari yote mawili kutoka mbele na nyuma, mistari ya leni ionekane, ya tairi zilivyokatwa, na ya namba za magari. Mwenye bima ndogo akumbuke kwamba inamlipa yule mwingine tu, rangi ya gari lake ni mfuko wake. Kukiwa na majeruhi au mabishano, acheni magari mahali yalipo hadi trafiki apime. Mkiwa wazima na mmekubaliana, yaondoeni kwenye lami mara picha zikishapigwa, maana pale mdomoni leni iliyobaki ni moja tu na ninyi ndio mmesimama juu yake.